Karatasi Niliyomwonyesha Mama Tae-gyu

Hye-ran mwanangu,

Juzi uliponipigia kwamba umefaulu mtihani wa kuhudumia wazee na Jumatatu unaanza kazi, nilikupongeza kwa sauti mpaka baba yako akashtuka sebuleni. Nilipokata simu nikakaa chini hapo hapo jikoni. Wewe una maneno mengi, mwanangu, na marafiki kila kona. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ungenikatiza, ungesema, "Mama, hayo tumeshafundishwa." Najua mmefundishwa. Na mimi nilifundishwa. Nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri za watu, nikapewa nakala yangu, nikaiweka kwenye droo ya vijiko.

Unakumbuka nilipoacha kazi ile niliwaambia ni mgongo. Haukuwa mgongo.

Bibi niliyekuwa namhudumia nitamwita Bibi Ok-nam. Si jina lake. Mtaa wake sikutajii, na mji wa mwanawe pia nimeubadilisha, kwa hiyo usianze kukisia. Amefariki, lakini watoto wake wapo na wanakwenda sokoni kama sisi.

Alikuwa na miaka themanini na moja, mjane, anaishi peke yake. Mimi naingia saa tatu asubuhi, napika, nafua, nahakikisha dawa zimemezwa, kisha saa sita nampeleka ukumbi wa wazee kula chakula cha mchana na wenzake. Kwenye karatasi za kituo kilichoniajiri aliandikwa daraja la tano. Ukiona daraja la tano jua kwamba tatizo ni kichwa. Bibi Ok-nam alikuwa na ugonjwa wa kusahau, ndiyo kwanza umeanza. Tuliojua ni daktari, kituo, mwanawe aliye Suwon, na mimi. Mtaani alikuwa akisema nakuja kwa sababu ya magoti. Hata kile kibandiko tunachogusisha simu tunapoingia na kutoka, ambacho kwa wengine kinabandikwa ukutani mlangoni, kwake kilikaa ndani ya kabati la viatu. Kila siku nachomeka mkono na simu katikati ya ndala kama mwizi.

"Pole na harufu," aliniambia siku ya kwanza. "Lakini Deok-rye akikiona hicho kidude, chakula cha mchana hakijaiva mtaa mzima utakuwa umeshanizika."

Deok-rye alikuwa bibi mwenzake wa pale ukumbini. Wamejuana tangu walipoolewa, wametukanana miaka sitini.

Sasa nikueleze ukumbini kulikuwa na nini. Baada ya kula, mabibi wanatandika blanketi kwenye sakafu yenye joto na kucheza karata za maua, kila ua na mwezi wake. Bibi Ok-nam ndiye aliyekuwa anahesabu alama, zake na za wote, miaka ishirini. Hakuna aliyebisha. "Ndege, tano. Utepe mwekundu, tatu. Nane. Deok-rye, kunjua hilo paji la uso, umefungwa." Nyumbani angeweza kuweka viatu kwenye friji. Pale kwenye blanketi hakukosea. Nilikuwa nasimama mlangoni namtazama, na hungejua ni mtu yule yule aliyeniuliza asubuhi kama leo ni sikukuu ya mavuno, na ni mwezi wa pili.

Kabla yangu kuna bibi mmoja alijulikana kuwa na ugonjwa huo. Hawakumfukuza, la. Walimtafutia mto mzuri karibu na dirisha wakaacha kumuuliza chochote. Bibi Ok-nam alinisimulia hayo huku anafunga skafu. Akasema, "Siku wakinitoa kwenye blanketi, Mama Hye-ran, nenda kanitolee sanda sandukuni. Hakutakuwa na kazi nyingine."

Basi hilo ndilo nililopewa nilishike.

Kila Ijumaa tulikuwa tunajaza fomu. Sehemu kubwa ni kutia alama kwenye visanduku, hiyo naiweza. Lakini chini kuna nafasi ya kuandika kwa mkono mabadiliko uliyoyaona. Mimi shule niliishia darasa la sita, unajua. Wiki moja msimamizi, binti mdogo kuliko wewe, alinirudishia fomu akasema kwa upole, "Mama, samahani, hapa aliyesahau jiko ni nani, wewe au bibi?" Wenzangu wawili pale ofisini wakacheka. Hawakucheka vibaya. Lakini nilitoka masikio yanawaka.

Jumamosi iliyofuata nikaichukua fomu mpya nikaenda nayo bafu la mtaa, kwa Mama Tae-gyu.

Wewe humjui, na hilo nalo si jina lake. Tulikuwa tunasuguana migongo kila Jumamosi miaka kumi na tano. Alisoma mpaka sekondari, ana mwandiko kama wa kitabu. Na alikuwa mpishi wa pale ukumbi wa wazee. Nilijua hilo. Nilijua kabisa. Ila kabla ya kuitoa fomu nilikunja sehemu ya juu palipo na jina, mara mbili, nikabana kwa kibanio cha nywele, nikajiona nimekuwa mjanja.

Tulikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nywele zinachuruzika.

"Andika," nikamwambia, "wiki hii amesahau jiko mara mbili, sufuria imeungua."

"Mara mbili! Masikini. La gesi?"

"La gesi. Andika pia, Jumatano ameuliza kama mume wake amesharudi kazini."

Kalamu ikasimama. "Mama Hye-ran. Huyu si yule wa..."

"Usimtaje!"

"Sijamtaja."

"Basi andika."

"Naandika. Unanifokea nini, mimi ndiye mwenye mwandiko." Akaandika mistari minne mizuri. Aliporudisha kalamu akanishika mkono. "Mimi sijaona kitu. Hata mume wangu hatasikia."

Na hakusikia. Hilo nitaliapia mpaka leo, Hye-ran. Mama Tae-gyu hakumwambia mtu hata mmoja.

Alichofanya ni kumhurumia.

Jumatatu nilipomfikisha Bibi Ok-nam ukumbini na kukaa kula nao kidogo, niliona samaki wa Bibi amechambuliwa miba. Wake peke yake. Supu yake imepozwa. Jumanne Mama Tae-gyu alitoka jikoni mbio kumgeuzia viatu ili avae kulia na kushoto sawa. Bibi akamwambia, "Mwanangu, hii miguu ninayo tangu kabla hujazaliwa." Watu wakacheka, nami nikacheka. Mchana huo nilimvuta Mama Tae-gyu nyuma ya masinki.

"Acha!" nikamwambia.

"Niache nini?"

"Hizo huruma zako. Zinaonekana."

"Kwani nimesema neno? Sasa nimwache akwamwe na mwiba, na najua?"

Nikageuka nikarudi kwa Bibi. Jibu lilikuwa kwamba hakupaswa kujua.

Jumatano akapita na sinia la chai ya shayiri wakati wanacheza. Akasimama nyuma ya Bibi, akainama, akanong'ona, "Bibi, hiyo ni ya mwezi wa tatu, eeh?" Karata ile kila mtoto anaijua, ina maua ya mcheri. Bibi Ok-nam alimtazama kama amemwagiwa maji ya baridi.

"Oho!" Deok-rye akasema. "Siku hizi mpishi anatufundisha karata? Na mbona mimi hunichambulii samaki?"

"Wewe Bibi una meno ya mbwa."

Blanketi zima likacheka. Deok-rye naye alicheka, ila macho yalikuwa kwa Bibi Ok-nam, hayabanduki. Mabibi wale wamelea watoto, wameuguza waume na wakwe. Mtu akipozewa supu wanajua maana yake.

Alhamisi Bibi akahesabu, "Kumi na moja."

"Hebu tuhesabu tena," Deok-rye akasema.

Miaka ishirini hakuna aliyewahi kusema hivyo. Wakahesabu. Kumi na moja. Mzunguko wa pili wakahesabu tena, ikawa sawa. Mzunguko wa tatu nilimwona Bibi anagusa karata moja moja kwa kidole, midomo inacheza, na wote wamenyamaza wanamngoja, na hapo nilijua. Akasema saba. Zilikuwa tisa. Ukimkodolea macho hata mtu mzima wa akili atakosea, lakini nani wa kuyasema hayo pale? Bibi mmoja akazichukua zile karata polepole. "Leo acha nihesabu mimi, dada. Wewe pumzika."

Tukarudi mpaka mlangoni kwake. Hapo akageuka.

"Mama Hye-ran, nani amewaambia?"

"Sijui, Bibi," nikasema. "Labda wameona wenyewe."

Nilidanganya bila kupepesa. Jumamosi bafuni sikwenda. Jumatatu nilipoingia sikuvaa hata aproni, nilipiga magoti sakafuni mbele yake nikamwambia yote, fomu, benchi, kibanio cha nywele.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo jina ulilikunja."

"Nililikunja, Bibi."

"Na miaka yangu themanini na moja iliyo chini yake, uliikunja? Na kukaa kwangu peke yangu? Na mwanangu wa Suwon?"

"Hayo sikuyakunja, Bibi."

"Aibu yako ya mwandiko," akasema, "umeilipa kwa kichwa changu. Toka."

Nilikwenda kituoni nikajisema mwenyewe. Yule binti msimamizi hakucheka safari hii. Aliandika onyo, nikatia sahihi, akampigia simu mwana wa Bibi. Mwanawe akajibu aachiwe mama yake aamue kama nibaki. Kesho yake nikarudi nikidhani naenda kurudisha vitu vyake tu.

Bibi Ok-nam alifungua mlango anatabasamu. "Umechelewa. Nina njaa." Alikuwa amesahau. Yote niliyomwambia nikiwa nimepiga magoti yalikuwa yamefutika. Nikapika, akala. Alipomaliza akaweka kijiko chini, uso ukabadilika, akasema, "Mama Hye-ran, pale ukumbini hawanipi tena karata nihesabu. Nani amewaambia?"

Maumivu yalibaki, mwanangu. Kilichopotea ni majibu tu.

Nilimwambia tena. Akanifukuza tena. Alhamisi akaniuliza tena. Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Siku nyingine alilia. Siku moja alinirushia ndala. Siku moja, Jumanne, nakumbuka theluji ilikuwa inayeyuka mapaani, alinishika bega akasema, "Yameisha. Inuka, sakafu itakuumiza magoti." Nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi, nikawapikia pankeki za vitunguu, baba yako akauliza kuna sherehe gani. Ijumaa Bibi akaniuliza nani amewaambia.

Nitakuambia na hili ingawa linaniaibisha. Mara moja nilichoka nikasema tena, "Sijui, Bibi." Akapumua, akafurahi, akasema, "Basi si wewe. Nilikuwa naogopa ni wewe." Akanimenyea tufaha la njano kwa kisu, vipande vyote akanipa mimi. Sikurudia tena kudanganya. Sisemi ni kwa sababu mimi ni mtu mwema. Ni kwamba vile vipande havikushuka.

Mama Tae-gyu nilimweleza kilichotokea. Alilia sana. "Nilitaka tu asikwamwe na mwiba," alisema. Nikamwambia najua. Bado tunasalimiana. Bafu nimehamia lile la ng'ambo ya mto.

Sasa wewe Jumatatu watakupa simu ya kazi, mnapeleka taarifa kwa picha, mnaandikiana kwenye makundi. Ninaogopa zaidi. Utaona mzee amefanya jambo la kuchekesha, utataka kumwandikia rafiki yako mmoja tu, anayeaminika, na jina hutaweka. Usiandike. Neno likikushinda kwenye fomu, muulize msimamizi mbele ya watu wote, wacheke, ulie chooni, urudi uandike mwenyewe. Na mimi usinisimulie. Ukija hapa nikikuuliza mzee wako anaendeleaje, niambie hali ya hewa. Nitanuna kidogo, usijali.

Ilipofika majira ya kuchipua, mwanawe alikuja kumchukua akaishi naye. Nilimfungia skafu, nikamsaidia kuingia kwenye gari. Mwanawe alikuwa ameshashika usukani, anatazama mbele, anajua kila kitu na hakuniambia neno baya hata siku moja. Bibi akashusha kioo.

"Mama Hye-ran," akasema, "nani amewaambia?"

"Ni mimi, Bibi."

Safari hiyo hakulia wala kufoka, na sikuweza kujua kama analisikia mara ya kwanza au ya mia. Kisha akamgusa mwanawe bega ili aondoke, na kioo akakiacha wazi.