Nyuzi Tisini na Tano

Mwalimu Kristofa alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na minne kule Tanga mjini kabla ya kuhamia shule ya wasichana ya masista, iliyo juu kidogo ya mji wa Lushoto. Kilichomvuta huku si hali ya hewa, maana baridi ilimtesa hata akawa anafundisha amejifunga shali la mkewe shingoni. Kilichomvuta ni maabara. Kule alikotoka wanafunzi themanini waligombea kipimajoto kimoja, na majaribio mengi yaliishia kuchorwa ubaoni. Hapa alikuta vipimajoto kumi na viwili, vipya, na Sista Gaudensia, mkuu wa shule, akamkabidhi ufunguo wa kabati siku ile ile aliyoripoti, bila maneno mengi.

Wiki ya tatu akawaingiza Kidato cha Tatu maabara. Kazi ilikuwa nyepesi: wakiwa katika makundi wachemshe maji, wasome kipimajoto kila dakika, kisha kila mmoja aandike maji yamechemka yakiwa na joto kiasi gani. Alitaka tu wazoee kushika vifaa. Jibu lenyewe kila mtu alikuwa nalo, limo kitabuni: nyuzi mia moja.

Madaftari yalikuwa thelathini na nane. Thelathini na saba yaliandikwa mia moja. Moja liliandikwa tisini na tano.

Lilikuwa la Salama, msichana wa Kwai, huko huko milimani, mtoto wa wakulima wa kabichi na viazi, mmoja wa Waislamu wachache wa darasa lile. Alikuwa mtaratibu, wa kuonekana kwenye daftari kuliko kusikika darasani. Mwalimu alimwita akamwambia arudie wakati wa mapumziko. Akarudia, akaleta tisini na tano. Akapewa kipimajoto kingine, akaleta tisini na tano na kidogo. Mwalimu akamweleza kwamba huenda anakisoma ameinama mno, jicho linakuwa chini ya alama.

"Niliweka jicho sawasawa na alama, mwalimu," Salama alisema, macho yake sakafuni.

"Basi kwa nini wenzako wote wamepata mia?"

Mwalimu alikuwa na kipindi kingine kinamsubiri. Akachukua kalamu nyekundu, akamwandikia sifuri juu ya kumi, na chini yake akaandika kwamba afanye masahihisho. Hakuwa amekasirika. Baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alifanya vile kwa utulivu kabisa, akaenda zake kufundisha.

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umeziba madirisha, aliingia maabara peke yake kutafuta vipimajoto vibovu. Alibandika sufuria ya maji kwenye jiko la gesi, akavifunga vyote kumi na viwili kwenye fito kwa uzi, akavitumbukiza kwa pamoja. Maji yakatokota. Ule mstari mwekundu wa ndani ukapanda katika kila kimoja, ukafika tisini na tano, ukasimama. Akaongeza moto. Akafunga mlango, asije akasingizia upepo. Maji yalitokota mpaka yakaanza kuruka nje ya sufuria, na hakuna kipimajoto hata kimoja kilichofika tisini na sita.

Mwalimu Kristofa alivuta kigoda akaketi. Jambo lile alilijua. Alilifundisha kila mwaka: ukipanda mlima hewa inapungua uzito, haiyakandamizi maji kama inavyofanya pwani, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika mia. Alikuwa hata na picha yake ya kuchora ubaoni, mlima wenye theluji kileleni na birika juu yake. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akiichora picha ile Tanga, hatua chache kutoka baharini, ambako mia ni mia. Haikumpitia akilini kwamba sasa yeye mwenyewe ndiye aliye juu ya mlima.

Kisha akawaza jambo la pili. Kama vipimajoto vyote vinasema tisini na tano, wale wengine thelathini na saba waliona nini?

Alikwenda kwenye rundo la madaftari, akalitafuta la Salama, kwa kuwa masahihisho yalikuwa yamesharudishwa. Akalifungua. Tisini na tano ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, karatasi ikawa nyembamba hata mwanga ukapenya. Juu ya mkwaruzo ule, kwa mwandiko mzuri uliotulia, palikuwa pameandikwa mia moja.

Alikaa na daftari lile mkononi mpaka maji yakakaukia jikoni.

Alimkuta Sista Gaudensia zizini, akisimamia ukamuaji wa ng'ombe. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mgwashi, na alikuwa na desturi ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Mwalimu alimsimulia yote, hata habari ya wembe, asijitetee popote. Akasema atamwita Salama na kumwomba radhi.

"Ni vizuri," Sista akasema. "Na hao thelathini na saba?"

Mwalimu akakiri kwamba hakuwa amewafikiria sana.

"Salama ameonewa, na amejua kwamba ameonewa," Sista akasema. "Hao wenzake wameambiwa vema, wamepata kumi juu ya kumi. Mimi nawaogopea hao."

Jumatatu mwalimu aliingia darasani akazungumza kwa Kiswahili, ingawa somo hufundishwa kwa Kiingereza, ili asiwepo atakayesema hakuelewa. Akawaambia kwamba alikosea, kwamba Salama alisoma sawasawa, na kwamba alimpa sifuri kwa kufanya kazi aliyoagizwa. Akamwomba radhi mbele ya wote. Kisha akauliza ni nani aliyeiona mia kwa macho yake.

Hatimaye akasimama Loveness, msichana wa Mlalo, aliyekuwa akiongoza fizikia tangu Kidato cha Kwanza.

"Tuliona tisini na tano, mwalimu. Tukadhani tumekosea sisi."

Mwingine akasema kundi lao liliandika mia hata kabla ya kuwasha jiko. Wachache wakacheka. Mwalimu hakumwadhibu mtu. Alifuta alama zote, za Salama na za wenzake, akasema jaribio litaanza upya.

Salama hakuonyesha kufurahi. Alipokea daftari lake kwa mikono miwili, akashukuru, akaketi. Mwalimu aliona wazi kwamba bado hamwamini, na hakuona sababu ya kumlaumu.

Alhamisi basi la shule lilikuwa linateremka Mombo, chini ya mlima, kuchukua mahitaji, na Sista akawaruhusu wasichana kumi na wawili waende nalo pamoja na mwalimu, wakapime maji huko. Walisimama Soni, katikati ya mteremko, wakachemsha maji kando ya barabara, wakapata tisini na sita. Mombo joto liliwapokea, wakavua masweta. Mama mmoja mwenye mgahawa aliwapa nafasi uani kwake, akasimama pembeni kutazama wasichana wanaosafiri kuja kuchemsha maji yasiyo ya chai.

Mwalimu alimpa Salama kipimajoto. Maji yakachemka. Salama akatazama, akasita, akamgeukia.

"Mwalimu, hapa inatakiwa iwe ngapi?"

Swali lile lilimchoma, kwa kuwa alijua nani amemfundisha kuliuliza.

"Nimepiga hesabu yangu, ninayo mfukoni," akasema. "Sitakuonyesha. Niambie unachokiona."

Salama alipiga magoti pale uani, akalingana na alama. Akasubiri muda.

"Tisini na nane na nusu."

"Una hakika?"

Akarudi kutazama. "Ndiyo, mwalimu. Tisini na nane na nusu."

Mwalimu akatoa karatasi mfukoni, akamwonyesha. Iliandikwa tisini na tisa. Salama aliitazama karatasi, akakitazama tena kipimajoto, kisha akasema kwa adabu, bila kuteremsha macho:

"Basi hesabu yako imezidi nusu, mwalimu."

"Imezidi," Mwalimu Kristofa akasema. "Andika ulichokiona."

Akaandika. Njiani kurudi, basi likipanda kona baada ya kona, Salama aliketi na Loveness wakabishana kama tofauti ile ya joto ndiyo sababu maharage ya Kwai hukaa jikoni kutwa wakati ya shangazi yake wa Mombo huiva upesi. Likizo ilipofika aliomba kuazimwa kipimajoto kimoja. Alikirudisha kizima, pamoja na vipimo kutoka majiko matatu ya Kwai, kila kimoja tofauti kidogo na kingine, na ukurasa mzima wa sababu zilizomfanya asikiamini kipimo cha pili.