Saa Mbili za Jua

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya tatu ya shule kwenye benchi la korido nesi alipomwita. Wateja wake hawajui kungoja, kwa hiyo kazi huja naye mpaka hospitali.

Nesi akampaka uso mzima losheni ya kuzuia jua, akalikwangua taratibu baka la shavuni, kisha akalifunika kwa krimu. Daktari alikwisha sema: likiachwa, litageuka saratani, na kisu kitafuata.

"Krimu hii peke yake imelala tu," nesi alisema. "Mwanga ndio unaiamsha, na losheni inazuia miale ya kuunguza tu; nayo krimu ikiamka inaua seli mbovu na kuziacha zile nzima. Taa yake tunayo, iko stoo miezi minane sasa, inasubiri saini ya mkurugenzi ya kuipokea. Basi dada yangu, kaa nje saa mbili. Ukiingia kivulini, dawa imekwenda bure, na tyubu nyingine mpaka mwakani."

"Mimi? Nje?" Fundi akacheka. Miaka arobaini na moja ya ualbino ilikuwa imemfundisha kulikwepa jua kama mbwa mkali.

Akakaa kwenye ukingo wa saruji, mahali pekee uani pasipo na kivuli. Shavu lilimchoma, naye alifurahi, maana aliamini dawa inafanya kazi. Mara mumewe akaja mbio, akafungua mwavuli juu yake kama alivyofanya tangu enzi za uchumba.

"Funga, mume wangu! Unaniua!"

"Makubwa! Leo mwavuli ndio unaua?"

Alipoelezwa akaufunga shingo upande, akakaa kando yake. Walipiga soga na kucheka kama vijana, hadi mlinzi alipowafikia.

"Mama, hapo ni maegesho ya mkurugenzi. Nendeni chini ya paa kama wagonjwa wenzenu."

"Zimebaki dakika arobaini, baba."

"Anafika sasa hivi. Kibali cha kukaa hapo mnacho?"

Mume alikwisha inuka. Ni mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa. Fundi akamvuta shati, akamketisha tena.

"Mwambie mkurugenzi wako taa yangu anayo yeye, stoo. Asaini, nami nihame. La sivyo apaki kivulini, gari lake halina baka."

Gari likasimama mbele yao, likapiga honi mara mbili. Fundi akaligeuzia jua shavu, akamwuliza mumewe saa.

"Bado thelathini na nane," mume akajibu, akanyoosha miguu hadi karibu na bampa.