Mkwe Nyuma ya Pazia

Erica aliishi ugenini, na ugenini kwenyewe kulikuwa karibu kiasi kwamba mumewe akiunguza maharage, harufu ilimfikia. Yeye alipanga chumba Nakonde, upande wa Zambia. Gwalugano, mumewe, alibaki kwenye nyumba yao Tunduma, upande wa Tanzania. Katikati palikuwa na geti la mpaka na foleni ya malori isiyokwisha. Hawakuwa wamegombana, msije mkawasingizia. Aliyewatenganisha alikuwa baba mkwe.

Mzee Mbonile alishuka kutoka milima ya Ileje kuja kutibiwa miguu, akasema atakaa wiki mbili. Miguu ikapata nafuu kidogo, mzee akanogewa na mji, na wiki mbili zikawa miaka. Kwa watu wa kwao, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hasemi naye, hapiti alipo. Wakikutana ghafla, mwanamke anajitupa kichakani. Kijijini kuna vichaka, lakini nyumba ya Tunduma, vyumba viwili na sebule, haikuwa na kichaka hata kimoja. Erica alikula jikoni akiwa amesimama. Siku moja aliingia nyumbani kwake mwenyewe kwa dirisha, jirani akampigia yowe la mwizi. Ndipo alipohamishia biashara yake ya mchele Nakonde, akapata kibali cha kuishi, akawa mgeni rasmi katika nchi ya watu. Wengine huvuka mipaka kwa kukimbia vita. Yeye alikimbia heshima.

Mwiko huo ulikuwa na mlango wake. Mzee akimwita mkamwana kwa jina na kumpa kitu mkononi, basi, yamekwisha, wanakula meza moja. Lakini ni mzee tu awezaye kuanza, na Mbonile alikuwa mtu wa kung'ang'ania desturi kwa meno yote yaliyobaki. Gwalugano alipomgusia, alijibiwa kwamba baba yake hakufungua, babu yake hakufungua, yeye ni nani afungue? Erica alitaka jambo moja tu duniani, kukaa kwenye kiti chake, mezani pake, nyumbani kwake. Alikuwa amechoka, na uchovu ukamfundisha ujanja.

Mchele ulipolipa, akanunua gari. Lilikuwa Corolla ya rangi ya maziwa, limetumika Japani, likateremshwa Dar es Salaam, likapita Tunduma njiani tu, akalipokea Nakonde. Kulinunua kulikuwa rahisi. Kuliandikisha ndiko kulikomtoa jasho, kwa kuwa alikuwa mgeni. Walitaka pasipoti, wakataka kibali cha kuishi, wakataka polisi waikague namba ya chasisi kama haijachezewa, kisha wakataka kuhakikisha kwamba kweli anaishi Zambia. Ofisa, kijana mwenye tai, akamwita mama kwa Kibemba, akamwuliza kwa upole, "Ba mayo, nyumbani ni wapi?" Erica, bila kufikiri, akanyoosha kidole dirishani, na kidole kikaelekea Tunduma moja kwa moja. Ofisa akafunga faili. Ikabidi arudi na mwenye nyumba wake, Bana Chileshe, mama wa Kibemba mwenye sauti ya kusimamisha malori, aliyeapa mbele ya ofisi nzima kwamba Mtanzania huyu analala kwake, anakoroma kwake na anamaliza maji yake. Kadi ikatoka kwa jina la Erica, na gari likavaa namba za Zambia.

Upande wa Tanzania, Justine wa forodha akampa ruhusa ya muda ya kuliingiza, akamsomea na sharti. Gari la nje litaendeshwa na mwenyewe anayeishi nje. Mkazi wa Tanzania akikutwa kwenye usukani, hata awe mume, gari linazuiliwa. Akamwuliza kama ana ndugu mwingine anayeishi Zambia, aandikwe dereva wa pili. Erica alikuwa naye. Binamu yake Scola alikuwa na duka Nakonde na leseni mkobani. Akajibu hana mtu, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Habari ya gari ilimfikia Mzee Mbonile kabla injini haijapoa. Kanisa la kijijini kwao, ambalo ujanani alilifyatulia matofali, lilikuwa linafanya jubilei Jumapili iliyofuata, na wafyatuaji waliobaki hai walikuwa yeye na Eliudi. Wangesimamishwa mbele na kutajwa. Krismasi iliyopita Eliudi alifika kanisani kwa pikipiki ya mjukuu, akaisimulia mpaka Pasaka. Mzee Mbonile akampigia kila mtu wa Ileje mwenye simu kwamba yeye anakuja kwa gari la nyumbani kwake. Alipomaliza kutangaza ndipo akamwuliza Gwalugano nani ataendesha.

Gwalugano akamweleza sharti la forodha. Mzee akaomba aelezwe tena, labda limebadilika. Gari la kukodi lisingekuwa gari la nyumbani. Lori la kwaya, ambalo Gwalugano angetangulia nalo Ijumaa, lilikuwa refu kwa miguu yake. Erica alisimuliwa yote hayo kwa simu, akatulia Nakonde akisubiri. Alikuwa na hakika kwamba safari hii mzee atamwita kwa jina.

Hakumjua mkwewe. Mzee aliagiza pazia.

Jumapili asubuhi Corolla ilikuwa imetundikwa kitenge kwa pini kutoka dari hadi sakafu, kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Erica alijificha nyuma ya ukuta mpaka aliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Mzee alikuwa amepanda na jogoo wake wa sadaka, mwekundu, mkubwa kuliko yeyote ambaye Eliudi angeweza kumleta. Erica akakaa kwenye usukani na hasira zake, wakaondoka. Kioo cha kutazamia nyuma kilimwonyesha maua ya kitenge tu.

Walipokaribia Mpemba, sauti ikatoka nyuma. "Gari," ikasema, "kuna tuta mbele. Usinivunje."

Erica akafikiri. Kumjibu mkwe ni mwiko, lakini kuzungumza na gari lake mwenyewe hakujakatazwa popote. Akasema, "Gari, mwambie uliyembeba kwamba tuta tumelivuka."

"Gari, dereva wako ana mdomo," kitenge kikasema.

"Gari, dereva wako ana njaa. Hajakaa mezani kwake tangu mgeni aje."

Waliacha lami, wakashika barabara ya vumbi ya kwenda Isongole, na hapo wakasimamishwa na trafiki.

Afande Restuta alikuwa amehamishiwa huku kutoka Kagera, desturi za milima hii hakuzijua. Alichokiona ni namba za Zambia, mwanamke peke yake, na pazia linalokohoa. Miaka ile kila mara walikamatwa watu waliokuwa wakipitishwa Tunduma kwa magendo, wamefichwa mpaka ndani ya matangi ya malori. Akauliza nyuma kuna nani.

Erica akasema ni baba wa mume wake. Afande akataka jina. Erica akatazama usukani. Afande akarudia, Erica akasema jina analijua lakini halitaji. Afande akazunguka kwenye dirisha la nyuma, akamwuliza mzee kama anamfahamu mwanamke anayemwendesha. Mzee Mbonile hakuwa mtu wa kusema uongo siku ya jubilei.

"Sura yake sijawahi kuiona," alisema.

Kwa Afande Restuta kesi ilikuwa imekamilika. Akawaambia wageuze gari, wanakwenda kituoni Tunduma wakajieleze vizuri.

Erica akaona mambo yamemgeukia. Alitaka kumbana mzee, hakutaka kumnyang'anya siku yake. Huko juu jina la Eliudi lingetajwa peke yake, na mzee angekuwa amekaa kwenye benchi la polisi na jogoo mapajani. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Gari," akasema. "Mwambie baba anisamehe. Scola angeweza kuliendesha. Niliulizwa forodhani, nikasema sina mtu. Nilifanya makusudi, ili aniite."

Kitenge kikaanza kung'oka, pini baada ya pini, polepole, na jogoo akapitishwa mbele kichwa kikitangulia.

"Erica," alisema mzee. "Mpokee."

Erica akampokea. Akageuka, akamwona mtu aliyemkimbia miaka yote ile. Alikuwa mzee mdogo, mwembamba, ana masikio ya Gwalugano yale yale, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Sasa mwambie askari naitwa nani, mwanangu. Ibada inaanza."

"Anaitwa Mbonile," alisema Erica. Akalirudia kwa nguvu zaidi, ingawa Afande alikuwa amesimama pale pale na alikuwa amesikia.

Afande akakagua kadi ya mpiga kura ya mzee, akaona jina ni lile lile, akamrudishia bila kuelewa kilichotokea. Akaagiza tu kitenge kisitundikwe tena, kinamzuia dereva kuona nyuma. Mzee akahamia kiti cha mbele, na kuanzia hapo hadi Ileje alimfundisha Erica kuendesha, yeye ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli.

Jina la mzee lilitajwa, la pili, baada ya Eliudi, kwa kuwa walichelewa. Hakulalamika. Kila aliyekuja kulishika gari aliambiwa kwanza amsalimie dereva, ni binti yake. Eliudi naye akamsalimia Erica, tena kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi, Gwalugano akiwa amelala kiti cha nyuma, mzee akasema chumba cha Nakonde kirudishwe kwa wenyewe. Erica akamweleza kwamba haiwezekani. Akiacha kuishi Zambia, gari litakuwa la mkazi wa Tanzania, na forodha watalidai ushuru wote au walifukuze.

"Basi gari ndilo libaki ugenini," alisema mzee. "Wewe njoo ule."

Jioni ile Erica akaliegesha uani kwa Bana Chileshe, akavuka geti kwa miguu katikati ya malori. Alimkuta mzee mezani, sahani zimefunikwa, ugali umeanza kupoa, hajaugusa.