Madigadi ya Harusi ya Lea

Tope lenyewe halikuwa kubwa. Kibonge tu, cha ukubwa wa andazi. Lakini jamani, kilivyojua pa kwenda! Kilitoka kwenye tairi la nyuma la pikapu ya Yusta, kikaruka, kikaingia dirishani mwa gari lililokuwa likifuata, kikatua pa! kifuani kwa bibi harusi wa watu, aliyekuwa amejitokeza kuwapungia mkono watu wa Uyole. Na mpiga video alikuwa palepale. Keki haijakatwa, Mbeya nzima ilishaiona video kwenye simu, na Yusta alishapewa jina jipya. Mama Tope.

Siku za kazi Yusta alibeba viazi. Jumamosi pikapu ilioshwa, ikafungwa maua, ikabeba matarumbeta. Si mnajua harusi zetu zinavyokwenda? Bendi inapanda nyuma ya pikapu, inatangulia ikipuliza na kucheza, na gari la bibi harusi linafuata karibu kabisa, ili asiwepo wa kuuliza nani anaolewa. Sasa ufuate karibu hivyo, barabara iwe ya udongo, na mvua iwe imenyesha. Basi tena.

Jina la Mama Tope angelivumilia. Yusta ana mdomo, wa kumjibu angemjibu. Kilichomkata maini ni simu iliyokuja wiki iliyofuata kutoka Nyololo, kule Mufindi. Aliyepiga ni Mzee Sosthenes, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Lea.

Lea ni mdogo wake Yusta. Mama yao alifariki Lea akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, na Yusta ndiye aliyemlea, kwa viazi hivyohivyo na pikapu hiyohiyo. Alikuwa akimkalisha mbele, miguu haifiki chini, na kitoto kinauliza, "Dada, siku yangu ya harusi utanipeleka na hii?" Yusta anajibu, "Nitakutangulia mpaka mlangoni mwa kanisa. Na asijitie mtu mwingine mbele yako." Walisema hivyo kila walipopita mbele ya kanisa lolote, mpaka ikawa ahadi.

"Kamwene, mwanangu," alisema Mzee Sosthenes kwenye simu, kwa upole ule wa kumpa mtu habari mbaya. Yeye ni baba mkubwa wa bwana harusi. "Ile video na huku imefika. Kamati imeona gari lako likae nyuma, na magari ya vyombo. Mbele tutaweka pikapu ya Brayson, kijana wa huku kwetu."

"Nyuma? Mzee, huyo mtoto nimemlea mimi!"

"Tunajua, na tunakuheshimu sana. Lakini gauni nalo ni jeupe."

Yusta akadakia, "Na nikifunga madigadi?"

"Yale mapande ya mpira ya kuning'inia nyuma ya matairi?" Mzee akafikiri. "Haya, funga. Lakini gari la bibi harusi nitaliendesha mimi mwenyewe, na vioo vyote juu. Likinirukia tone moja la tope, napiga honi. Ukisikia honi, unakaa pembeni, Brayson anapita. Tumeelewana?"

Walielewana.

Kesho yake alikwenda Mwanjelwa kwa Shamsudin, muuza spea na fundi wake wa siku zote, mtu wa maneno laini anayeweza kukuuzia taa ya pikipiki wakati huna pikipiki. Shamsudin akamtolea madigadi ya plastiki, yanang'aa, yana nyota za fedha na vitaa vidogo vya bluu.

"Haya sasa ndiyo ya harusi, dada Yusta. Usiku yanawaka."

Yusta akalikunja moja kwa mikono. Likalia kako. "Hili kokoto la kwanza tu linapasuka. Mimi sitafuti disko, kaka Shamsu. Nataka la kuzuia tope."

Na hapo, kwa hasira ya kutaka kuzuia tope lote la dunia, akachagua makubwa kuliko yote dukani: ya lori, marefu, mapana, kila moja lina simba mwekundu katanua kinywa. Yakafungwa saa hiyohiyo. Gari likiwa tupu, simba walining'inia vizuri, kucha zikikaribia kugusa lami. Yusta akazunguka gari akicheka peke yake. Nani atapitisha tope hapo?

Jumamosi ilipofika alikuwa na kazi ya harusi ya watu pale mjini. Bendi ikapanda: wanaume wazima, ngoma, matarumbeta, na Jailos kiongozi wao na lile tarumbeta kubwa analojivika mwilini. Pikapu ikaketi. Simba wakaweka pua kwenye vumbi. Yusta hakuona. Akaingia garini, akarudi nyuma kidogo atoke kwenye maegesho, tairi zikawakanyaga simba, zikawavuta, chwaaa! Madigadi yakang'oka yote mawili na vyuma vyake, mbele ya umati.

"Mama Tope kavua sketi!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jailos alishuka akaja dirishani. Alimkuta Yusta ameshika usukani, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Dada, usilie. Mipira tu hiyo."

"Mipira tu? Jailos, mwenzio nitakaa nyuma na masufuria siku ya mdogo wangu!" Akajifuta pua kwa kiganja. Akashuka, akawaangalia simba waliolala chini, kisha akaiangalia pikapu ilivyokaa chini kwa uzito wa watu. "Mjinga mimi," akasema. "Nimepima gari. Sikupima harusi."

Jumatatu Shamsudin alisikia kelele mtaani, akatoka dukani na kikombe cha chai mkononi. Pikapu ya Yusta ilikuwa inaingia na bendi nzima juu yake, na vyombo vyao vyote.

"Dada Yusta! Nilikwambia uje na gari. Mbona umekuja na sherehe?"

"Ndiyo unayoipima leo. Lete mpira."

Safari hii hakutaka simba wala nyota. Pembeni mwa duka alikuwa ameona mkanda mzee wa mashine ya kusagia kokoto, mpira mnene wenye nyuzi ndani, ambao Shamsudin aliutumia kukanyagia mlangoni wakati wa mvua. Yusta akaukunja, ukakataa. Akauvuta, ukamcheka. "Huu," akasema. Wakaukata upana wa kuzidi tairi pande zote mbili, maana tope halitoki nyuma tu, linatokea na ubavuni. Juu wakaweka bapa la chuma, bolti zisije zikauchana.

Ikabaki urefu. Shamsudin akalala chini ya gari na chaki yake. Bendi ilikaa kimya kama ilivyoagizwa, kwa muda wa kutosha kumaliza pipi. Halafu yule wa ngoma akagonga kidogo. Wa tarumbeta akajibu. Jailos naye, mwili ukamwasha, akapuliza. Basi tena! Mwanjelwa yote ikaja: wauza mitumba, wauza ndizi, makondakta, akina mama na mitandio yao mkononi wanaipunga juu. Pikapu ikawa inapanda na kushuka.

"Acheni kucheza!" Shamsudin alilia kutoka chini. "Gari linaruka! Nitapimaje?"

Jailos akanyoosha mkono kuwanyamazisha, lakini Yusta akaruka mbele yake. "Wasiache! Harusini si watacheza? Chezeni! Ongezeni! Kaka Shamsu, weka chaki linaposhuka chini kabisa!"

Shamsudin akacheka mpaka akakohoa vumbi, lakini akapima hivyohivyo, gari likimshukia na kupanda. Wakakata kiganja kimoja juu ya hapo. Kisha Yusta akarudi nyuma, bendi ikiwa juu inaruka, mara moja, mara mbili, kwenye matuta na kwenye shimo. Mpira haukukanyagwa. Watu wakapiga makofi wasijue hata wanapongeza nini.

Kule Nyololo, siku ya harusi, mvua ilinyesha tangu usiku ikakatika asubuhi, kama imetumwa. Barabara inayochepuka kutoka lami kwenda kanisani ilikuwa nyekundu na laini, maji yamejaa kwenye mashimo. Brayson alikuwa na pikapu yake tayari pembeni, injini inaunguruma. Mzee Sosthenes, suti nyeusi, aliingia kwenye gari lake jeupe lililooshwa mpaka linatia huruma, Lea nyuma yake na mashangazi wawili. Vioo vikapandishwa. "Honi moja," Mzee akamkumbusha Yusta kwa kidole.

Matarumbeta yakalia. Yusta akatia gia.

Shimo la kwanza akalipita roho mkononi. La pili. Kwenye mteremko matairi yakatafuna tope, akasikia linavyogonga mpira kule nyuma, bu, bu, bu, na kuanguka chini. Bendi ikaruka, pikapu ikashuka, ikapanda. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Akaanza kupumua.

Honi ikalia.

Mguu wa Yusta ukagusa breki, mkono ukaanza kupindisha usukani kwenda pembeni, macho yakajaa. Nimelea bure, akawaza. Honi ikalia tena. Tena. Pi, pi, pipipi! Hiyo si ngoma ya Jailos? Akatazama kwenye kioo cha pembeni.

Mzee Sosthenes alikuwa anaifuata ngoma kwa honi, kichwa kinayumba, kofia imehama. Kioo cha mbele cha gari lake kilikuwa kinang'aa. Na dirisha la nyuma lilikuwa limeshushwa lote, shangazi mmoja anavuta mkono wa Lea arudi ndani, na Lea hataki, ametoka mpaka kiunoni, gauni lote nje juu ya tope, anapunga mkono wenye glavu nyeupe na kupiga kelele, "Ni dada yangu huyo! Huyo aliye mbele ni dada yangu!"

Yusta akalia kwa sauti, akacheka, akakanyaga mafuta.

Mlangoni mwa kanisa mashangazi walilikagua gauni mbele na nyuma. Jeupe. Mzee Sosthenes akapitisha leso juu ya boneti, akaitazama, akaiinua juu wote waione, na vigelegele vikapasuka. "Mwanangu," akamwambia Yusta, "kamati inaomba radhi."

Lakini Lea hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameshikilia gauni, anakwenda nyuma ya pikapu. Akainama. Akaubandika mkono wake kwenye digadi, upande wa tairi, pale tope lilipoganda, akaukandamiza.

"Wewe mtoto! Glavu!" mashangazi wakapiga ukunga.

Akaunyanyua mkono, mwekundu wote, akamshika dada yake kwa mkono huohuo, wakaingia kanisani.