Unyayo Juu ya Giaboksi

Gari linaloletwa na mtu anayejifanya fundi huwa nalichukia kabla hata sijafungua boneti. Na pikapu hii ililetwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, mtu ambaye akitazama video moja ya ufundi, kesho yake anataka kufundisha dunia nzima.

"Shemeji, taa ya injini imewaka tena," alisema. "Sensa ya oksijeni hiyo. Niliibadilisha mwenyewe, naona waliniuzia feki."

"Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma."

Nikamkazia macho. Sensa ya nyuma kwenye pikapu zile imejificha juu ya giaboksi, imebanwa na sakafu ya gari, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila kuchubuka. Mimi mwenyewe huitoa huku nikitukana.

"Uliifikiaje?"

"Akili tu, shemeji," akajibu, akijigusa kichwa.

Sensa iliyogandana na bomba la moshi haitoki ikiwa baridi, utaivunja. Unaacha injini iungurume kwanza, bomba lipate moto, ndipo ilegee. Basi nikaliweka gari juu ya shimo la gereji, injini ikiwaka, nikaenda kutafuta spana. Mdogo wangu, aliyekuja naye, alibaki kitini, madirisha yamefungwa, mimba yake ikiwa kubwa. Nilimwambia asihangaike kushuka. Akasema kichwa kinamuuma, acha asinzie kidogo.

"Ndiyo kazi yake siku hizi," shemeji akatania. "Akiingia tu humo, usingizi."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Niliporudi alikuwa amelala kweli, nikazima injini taratibu na kuurudishia mlango ili nisimwamshe.

Nikashuka shimoni, nikavaa glavu, nikapenyeza mkono kando ya giaboksi. Sensa ilikuwa imefungwa upande, imekaa kama jino bovu, na masizi yamezunguka tundu lake. Maana yake moshi ulikuwa ukivujia hapo hapo. Nikapandisha mkono juu zaidi kutafuta nafasi ya spana, nikitarajia bati la sakafu. Vidole vikagusa kapeti.

Nikadhani nimechanganyikiwa. Kapeti liko ndani ya gari, mimi niko chini yake, na katikati lazima kuwe na chuma. Nikapapasa. Palikuwa na tundu pana kama sahani, kingo zake zimekatwa kwa msumeno. Nikainua ncha ya kapeti, mwanga ukapenya, nikaona unyayo wa mdogo wangu, viatu kavivua.

Nikaufinya. Huyu ni mtu ambaye tangu utotoni ukimtekenya unyayo anarusha mateke mpaka ujute. Unyayo haukusogea.

Sijui nilitokaje mle shimoni. Nakumbuka nikipiga kelele, "Mtoe nje! Mtoe!" na shemeji akiwa ameduwaa, simu mkononi. Nilimpiga kikumbo, nikafungua mlango, nikamvuta mdogo wangu hadi uani penye hewa. Alikuwa akikoroma kwa shida, shingo imelegea. Mteja mmoja akatupakia kwenye gari lake bila kuuliza swali.

Zahanati walisema ni sumu ya moshi wa gari, wakamwekea barakoa ya oksijeni. Mkunga akapitisha tumboni kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto. Kimya. Akakisogeza kidogo. Kimya. Kisha yakasikika mapigo, ya mbio mbio, na mkunga akashusha pumzi kabla yetu.

Mdogo wangu alipofumbua macho, shemeji alikuwa analia waziwazi.

"Nilikata bati la sakafu ili niifikie sensa kwa juu," alisema. "Nikafunika na kapeti. Sikujua, mke wangu. Wallahi sikujua."

Nilitamani kumzaba kofi. "Hata harufu hukuisikia?"

"Niliisikia, shemeji. Hata kichwa kilikuwa kinaniuma. Ndiyo maana nikawa naendesha nimefungua dirisha."

Mdogo wangu akaishusha barakoa.

"Lako," akasema. "Langu uliniambia nifunge, vumbi lisimdhuru mtoto."

Mdogo wangu akarudisha barakoa usoni, akageukia ukutani.