Pasipoti ya Jaketi

Mimi ni mtu wa kushuku, na kazi yangu ilinifaa. Nilikuwa mkaguzi wa mishono kwenye karakana ya majaketi ya watoto. Nageuza jaketi ndani nje, navuta mshono wa kwapa, ukiachia linarudi kwa aliyelishona. Mafundi waliniita Mama Polisi wakidhani sijui.

Mwaka huu wanunuzi walitaka kila jaketi liwe na pasipoti. Ni lebo ndogo ya kitambaa yenye kimraba cha madoa meusi, inashonewa ubavuni. Mteja akiimulika kwa simu, anasoma kitambaa kilitoka wapi, fundi gani kashona na mkaguzi gani kapitisha. Kila fundi akapewa rola yake ya lebo zenye namba yake. Tulicheka sana: jaketi lina pasipoti, na sisi tunaolishona hakuna hata mmoja mwenye nayo.

Kicheko kilikatika majaketi yalipoanza kurudishwa, makwapa wazi. Bosi aliyamulika mbele yangu, na kila mara simu ilitaja fundi yuleyule: mdogo wangu. Akaniambia mwisho wa wiki anamfukuza, eti nishukuru kwamba nimejua mapema.

Mdogo wangu cherehani iko damuni. Nikajua hapo kuna mkono wa mtu.

Kushoto kwake anakaa Shangazi, aliyetulea wazazi walipofariki na akatuingiza yeye mwenyewe kazini. Kulia yuko fundi mgeni tuliyembandika jina la Bi Kimya, maana hata salamu anaitoa nusu. Chai hanywi nasi. Mkoba wake anaukumbatia hadi msalani. Ungekuwa wewe ungemshuku nani?

Nikaanza kumvizia. Akiinama, nanyoosha shingo. Akiazima mkasi kwa mdogo wangu, moyo unanipasuka: hapo ndipo anapochomoa lebo. Nyumbani nilimwonya mdogo wangu ajihadhari na yule mwanamke. Akanijibu nimwache mtoto wa watu, akaenda kulala bila kula. Nilidhani ni woga wa kufukuzwa.

Siku ilipokaribia, uvumilivu uliniishia. Wakati wa chai nilikwapua mkoba wa Bi Kimya, nikaumwaga juu ya meza ya kukatia, watu wote wakiona. Kitana, mkate uliofungwa kwenye gazeti, soksi za mtoto. Lebo hakuna.

Aliokota vitu vyake kimoja kimoja.

“Umemaliza?” akauliza. “Haya, pekua na kwa ndugu zako.”

Watu wakaguna. Kwa jeuri tu, ili nimzibe mdomo, nikavuta droo ya mdogo wangu. Ndani mlikuwa na rola ya lebo, na namba zake zilikuwa za Shangazi. Nikaifunga haraka, nikasema hamna kitu. Bi Kimya aliniangalia tu.

Nilimburuta mdogo wangu hadi stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa. Hakunificha. Macho ya Shangazi yamefifia, akifika kwapani sindano inamkimbia, na akijulikana tu kazi hana. Kwa hiyo wakabadilishana rola, kazi ya Shangazi ikawa inatoka na namba ya mdogo wangu. Majaketi mabovu aliyoyaona mdogo wangu aliyashona upya, mengine yakampita.

“Kwa nini uliyatia lebo zako?” nikamuuliza.

“Ya Shangazi ungeyageuza, dada. Yangu huyageuzi.”

Ni kweli. Nikiona namba yake, natupia kwenye kapu la yaliyopita bila hata kuingiza mkono. Mimi, ninayemshuku hadi anayepiga chafya. Nilijichukia pale stoo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nikaenda kwa Bosi, nikamwomba amulike jaketi moja tena, asome na mstari wa chini.

“Hii namba ni yako,” alisema.

Nikamweleza yote, la Shangazi nalo sikulificha, maana bila hivyo simu ingeendelea kumtaja mdogo wangu. Alifoka hadi sauti ikamkauka. Alipotulia, akamhamishia Shangazi kwenye kukunja na kufungasha. Mdogo wangu alibaki, kwa onyo kali. Mimi nikavuliwa ukaguzi. Nilimwomba radhi Bi Kimya mbele ya wote waliouona mkoba wake ukimwagwa, akaniitikia “haya”, basi.

Siku hizi nakalia cherehani iliyokuwa ya Shangazi, na mkaguzi ni Bi Kimya. Anageuza kila jaketi, la kila mtu. Akifikia langu anaingiza mkono hadi kwapani, anavuta, ananitazama, kisha anavuta tena.