Ukungu Kwenye Kanda ya Seng Karatan

"Nusa," Nenden alisema, akimsogezea Jejen kijiti cha pamba mpaka karibu na tundu za pua. "Nusa mwenyewe, halafu uniambie hiki ni nini."

Jejen alirudisha kichwa nyuma kama mbuzi anayenyweshwa dawa. Kijiti kilikuwa kimevaa utando mweupe, wa kijivu pembezoni, unaonata, na ulinuka kama soksi iliyosahauliwa ndani ya buti msimu mzima wa mvua. Akasema labda ni vumbi. Akaongeza kwamba mji mzima wa Bandung siku hizi ni vumbi tupu, barabara zinachimbwa kila kona.

"Vumbi haliwi na manyoya, Jejen."

Hapo ndipo madirisha ya kichochoro cha Haji Oyon yalipoanza kufunguka moja moja. Wawili wale wamekaa ukuta kwa ukuta miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumsikia Nenden akimwita yule bwana kwa jina tupu. Siku zote alikuwa Kang Jejen, kaka Jejen, naye akimwita Teh Nenden, dada. Heshima ikishavuliwa namna ile hadharani, mwenye kazi yake huiweka chini akaja kuangalia.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumapili ya mwisho wa mwezi, sebule ya Nenden hujaa watu mpaka jikoni: walimu, mafundi cherehani, waendesha bodaboda, hata mama mmoja wa benki. Wote walikuwa vijana miaka ya tisini na masikio yao yamegoma kutoka huko. Kila mwezi mmoja wao huleta albamu moja ya roki mbadala, ile ya magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaoimba kama wameamshwa kwa nguvu, na albamu hupigwa yote, upande wa kwanza na wa pili, bila kuruka wimbo. Kanda iwe yako. Mambo ya simu hayatakiwi. Na mtu asifungue mdomo mpaka upande uishe. Asiye na kanda hana zamu, na asiye na zamu ni mgeni tu, wa kukaa mlangoni.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Jejen. Alileta albamu ya wale vijana wa Kiingereza wanaopiga gitaa huku wakitazama viatu vyao, kasha limefutwa mpaka linang'aa, na watu wakamsifu. Nenden mwenyewe alimsifu. Kumbe ndani utepe ulikuwa umeota ukungu. Na ukungu wa kanda ni kama upele wa bwenini: hutoka kwenye utepe ukaingia kwenye kichwa cha deki, ile mashine ya kupigia kanda, ukakaa pale kumsubiri anayefuata. Iliyofuata ilikuwa kanda ya Nenden mwenyewe, ya Seng Karatan, aliyoijaribu siku chache baadaye.

Seng Karatan ni bendi ya hapo hapo Bandung. Ilitoa albamu moja mwaka tisini na sita, iliyorekodiwa kwenye gereji ya mtu, ikauzwa mkono kwa mkono nje ya ukumbi wa michezo, kisha bendi ikafa. Kwenye mtandao haimo. Kwenye kundi lao kila mtu anaisimulia, lakini mwenye kanda ni Nenden peke yake. Na Jumapili hii ndiyo ilikuwa zamu yake. Tena alikuwa amembembeleza mpiga ngoma wa bendi, Ohim, ambaye sasa anauza tairi za pikipiki mji wa jirani wa Cimahi, aje aisikilize kazi yake ambayo nakala zake zote zilikwenda na mafuriko. Ohim alikubali. Angefika saa kumi. Sasa ilikuwa saa sita mchana, na kwenye kidirisha cha kanda utepe ulikuwa na weupe kama mkate wa wiki iliyopita.

Jejen alijitetea kwamba mji huu mvua nusu mwaka, kila kitu kinaota ukungu, hata mikanda ya suruali. Nenden akamuuliza kwani hakuangalia kabla ya kuweka kanda kwenye deki ya watu. Jejen akasema hakuona kitu.

"Aliona," ilisema sauti kutoka juu. Alikuwa Imas, mke wa Jejen, dirishani na bakuli lake la vitunguu. "Baba watoto, unamwambia, au nimwambie mimi?"

Jejen alitazama kandambili zake. Basi Imas akasema yeye, huku anamenya. Paa lao lilivuja mwaka jana, upande wa rafu. Kanda zote zikaota. Mumewe alizisugua bafuni wiki nzima, nyingine zikakatika, nyingine zikabaki bubu, mwisho akazitia kwenye gunia akaenda kuzimwaga mto Cikapundung. Ilibaki moja tu iliyokuwa inazunguka, ndiyo ile. Nyuma ya lile pazia la rafu analowazuia watu kulifunua sasa hivi kuna maboksi ya tambi, si kanda.

Kichochoro kizima kiliguna. Mto ule kila mtu anajua unachukua nini: nepi, matumbo ya kuku, magodoro.

Lakini kinyaa cha Nenden hakikutoka mtoni. Kilimjia alipokumbuka kwamba mwaka mzima mtu huyu amekaa kwenye mkeka wake, akila ndizi zake za kukaanga, akiwahubiria wenzake namna ya kutunza kanda: tieni punje za mchele ndani ya boksi, jamani, zivute unyevu. Tena kwa kidole kimeinuliwa.

"Ungesema umepoteza zote," alimwambia.

"Ningesema, ningekaa wapi?" Jejen alijibu. "Ungenipa zamu?"

Nenden aliingia ndani, akafungua skrubu za kanda yake, akaona utepe ulivyovaa vile vinyweleo, na kwa kweli nusura atapike juu ya meza. Akajaribu kuusafisha tena na tena, na kila alipougusa utepe ngozi ilimsisimka mpaka kisogoni.

Kutoka mlangoni Jejen akasema aachiwe yeye. Alisema za kwanza aliziharibu, lakini za mwisho mwisho mkono ulikuwa umeshajua.

Nenden alitazama saa. "Nje hapo hapo," akasema. "Na mlango wangu usiuguse."

Basi Jejen alikaa kwenye benchi la kichochoroni, barakoa usoni, chupa ya spiriti pembeni, kipande cha fulana kuukuu kati ya vidole, anauzungusha utepe kwa penseli na kuupitisha kwenye kitambaa pole pole. Watu waliketi kumzunguka kama wanaongoja majibu ya hospitali. Mmoja akauliza kama mgonjwa ataishi. Mwingine akashauri mganga naye achemshwe. Kitambaa kilitoka na uchafu wa rangi ya kamasi, na mama mmoja akainuka akaenda kukalia ngazi ya mbali.

Kwenye upande wa pili Jejen alisimama ghafla. Akauinua utepe juani, ukaonekana umepauka mahali, kwenye ukingo mmoja. Angeweza kuuzungusha haraka akanyamaza, nani angejua? Alimwita Nenden akamwonyesha: ni wimbo wa tatu, hapa ukungu umeondoka na sauti yake.

"Endelea," Nenden alisema, na asante hakutoa.

Saa kumi Ohim aliingia na tumbo mbele, simu mbili mkononi. Sebule ilifurika. Nenden alikuwa ameshakisugua kichwa cha deki mpaka kikawa kama kijiko cha harusi. Kanda ikaingia, gitaa la kwanza likatoka limechanika vile vile lilivyochanika zamani, na mama wa benki akafumba macho. Jejen alibaki nje, amejikunyata chini ya dirisha.

Ohim alivumilia wimbo mmoja. Wa pili alipokea simu akaanza kueleza habari za tairi za nyuma kwa sauti ya sokoni. Waliokuwa mkekani wakatazama mkeka. Alipokata simu akacheka, akasema hizo ngoma mbona zinalia kama sufuria, ujana bwana, halafu akauliza kama hakuna nakala safi ya kwenye simu. Nenden alihisi ile harufu ya kijiti imemrudia puani, ingawa chumbani hapakuwa na ukungu tena. Kwa ajili ya mdomo huu alikuwa tayari kumzika jirani.

Upande wa pili ulipoanza, muuza supu ya mipira ya nyama alipita na toroli lake akigonga bakuli, ting, ting. Nenden aligeuka dirishani ili amfukuze. Jejen alikuwa ameshamfikia. Amesimama mbele ya toroli mikono miwili juu, anamsihi bila kutoa neno, na yule muuzaji ameganda na kijiko hewani.

Ukafika wimbo wa tatu. Sauti ikazama, kama mtu aliyefunikwa mto usoni, na chumba kizima kikabaki bila muziki. Ohim alikuwa anauliza choo kiko wapi. Dirishani Nenden alimwona Jejen, aliyeisikia albamu ile kupitia ukutani miaka yote, amesharudi, amefumba macho, vidole vyake vinagonga fremu ya dirisha. Aliyagonga mapigo yaliyopotea moja moja, na ngoma ziliporudi zilimkuta palepale, kwenye pigo lake.

Upande ukaisha. Wali ukaletwa na sufuria yake, samaki wa chumvi, pilipili ya kusaga, na jengkol, zile mbegu zinazonuka mpaka kwa jirani wa tatu. Ohim alikuwa wa kwanza kushika sahani.

Nenden alikwenda mlangoni. Jejen alinuka spiriti na ukungu, na kinyaa kikamrudia Nenden vile vile. Hakukificha.

"Unanitia kinyaa," alimwambia. "Na kesho utanitia kinyaa. Kanawe mpaka kwenye viwiko, na hilo shati livue ulitupe huko. Halafu ingia ule, kabla yule bwana hajamaliza samaki."